Sanduku la Maswali: Ukiangushwa kwenye mchujo, chama bado ni chako?

Salamu zenu wasomaji wa Lamu, Malindi na kwengineko. Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote ni za jambo moja, mchujo wa vyama. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na hapa kwetu watu hawangoji mwaka ufike, ukipita Mkunguni jioni utasikia majina tayari, nani atapewa tiketi na nani ataachwa, na wengine washaanza kununiana. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake imenigusa mahali, mtanisamehe.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Langoni, miaka 24. Juzi barazani nilikuwa naangalia kwenye simu vidio ya zamani ya Hillary Clinton, ile ya 2008 akikubali kushindwa na Obama kwenye mchujo wa chama chao, nikasema huyu mama ni muungwana. Ami yangu akaruka, akasema huo ni unafiki mtupu, miezi michache kabla si alitoa tangazo la simu kulia saa tisa usiku kuwaonyesha watu kwamba Obama hajakomaa, sasa leo wampigiaje debe mtu uliyesema hafai? Baraza zima likawa upande wa ami. Nikanyamaza kwa heshima lakini sikuridhika. Je ni unafiki? Na mtu akishindwa mchujo anadaiwa nini na chama chake?

Marahaba mwanangu. Ulifanya vizuri kunyamaza mbele ya ami yako, lakini hapa si barazani, hebu tuseme.

Ami yako ana hoja, tusimpuuze. Lile tangazo lilikuwepo kweli, lilitoka siku chache kabla ya kura za Texas na Ohio, watoto wamelala, simu yalia Ikulu usiku wa manane, wataka nani aipokee? Jina la Obama halikutajwa lakini kila mtu alielewa. Na upande wa Obama nao haukukaa kimya. Tena wale wawili kwa sera walikuwa karibu karibu, na wanaofanana ndo hugombana vibaya zaidi, manake hakuna cha kushindania ila mtu mwenyewe, umri wake, tabia yake, nani ana uzoefu na nani hana.

Lakini ami yako amechanganya maswali mawili akayafanya moja. Swali la mchujo ni, kati yetu sisi nani atubebee bendera? Swali la uchaguzi mkuu ni, kati ya sisi na wale, nani aongoze? Mtu aweza kusema mimi ni bora kuliko Obama, na papo hapo akasema Obama ni bora kuliko McCain, yule mgombea wa chama cha upande wa pili, Republican, na asiwe amesema uongo hata mara moja. Unafiki ni kusema usichokiamini. Clinton na Obama walitaka vita vya Iraq viishe, walitaka bima ya afya isambae, walitaka majaji wa namna moja. Angekaa nyumbani na hasira zake, au akawaambia watu wake wampe McCain, hapo ndo angekuwa amevikana vitu vyote alivyovihubiri miezi kumi na saba, na huo ndo ungekuwa unafiki.

Sasa tizama siku zenyewe zilivyokwenda, manake watu huona ile vidio tu hawajui yaliyotangulia. Mchujo wao si wa siku moja, mwaka ule ulianza Januari huko Iowa, ukaenda jimbo baada ya jimbo, kila jimbo likitoa wajumbe wa kumpitisha mgombea kwenye mkutano mkuu, na alietaka tiketi ya Democratic, chama chao wote wawili, alihitaji wajumbe 2,118. Obama akaipata hesabu hiyo usiku wa Juni 3, zile kura za mwisho za Montana na South Dakota. Usiku ule Clinton hakukubali. Alisimama New York mbele ya watu wake akasema leo siamui kitu. Watu wakamkasirikia sana, wakasema ana kiburi. Halafu Jumamosi ya Juni 7, pale Washington, akasimama akamuunga mkono Obama kwa jina lake, akawaambia wote waliompigia kura wafanye vivyo hivyo, na akawahesabu pia, kama milioni 18, akasema hizo ni nyufa kwenye lile dari la kioo linalowazuia wanawake.

Siku nne. Mimi siku nne zile simlaumu. Mtu aliyefiwa twampa siku tatu za tanga na hakuna anaeuliza mbona hajaenda sokoni, sasa mtu aliyetembea nchi nzima na watu milioni 18 nyuma yake wataka aamke na tabasamu usiku ule ule? Kinachonikera ni wale wanaofika mwezi, miezi miwili, wakingoja kubembelezwa huku chama kinapasuka.

Na baada ya yale maneno kukaja vitendo. Juni 27 wakasimama pamoja kwenye mji mdogo wa New Hampshire uitwao Unity, yaani Umoja, na huo mji haukuchaguliwa kwa jina peke yake, kwenye mchujo kila mmoja wao alipata pale kura 107, sawasawa. Agosti kwenye mkutano mkuu wa Denver, wajumbe wakiitwa jimbo kwa jimbo, ikafika zamu ya New York, Clinton mwenyewe akasimama akaomba hesabu isimamishwe na Obama apitishwe kwa sauti moja. Hakutumwa mtu, alisema mwenyewe, katikati ya watu wake.

Ila nataka ami yako alisikie hili moja ambalo mabarazani halisemwi kabisa. Clinton alitoka kwenye ule mchujo na deni la zaidi ya dola milioni 20. Obama akawaomba wafadhili wake wakubwa wamsaidie kulilipa, na yeye mwenyewe akaandika hundi ya dola 2,300, kile kiwango cha juu kabisa ambacho sheria ya wakati ule ilimruhusu mtu mmoja kutoa, na mkewe Bi Michelle naye akatoa vivyo hivyo. Unaona? Aliyeshinda alimwendea aliyeshindwa. Sisi huku twamkodolea macho aliyeshindwa peke yake, amekubali hajakubali, amepiga simu hajapiga, na yule mshindi anapepewa tu.

Linganisha na 1980. Ted Kennedy alimpinga Jimmy Carter, rais aliyekuwa madarakani na wa chama chake, akashindwa, akalipeleka bifu mpaka mkutano mkuu wa New York mwezi wa Agosti. Hotuba yake ilikuwa nzuri mno watu bado wanaisoma. Lakini usiku wa mwisho Carter alimngoja jukwaani ile picha ya mikono juu pamoja, picha ambayo chama kizima kiliisubiri, Kennedy akaja akiwa amechelewa, akampa mkono wa haraka haraka, akazungukazunguka na wengine, na Carter, rais wa Marekani, akawa anamfuata nyuma mle jukwaani mbele ya kamera. Ile picha haikupatikana. Novemba Reagan, mgombea wa Republican, akachukua majimbo 44. Sisemi ni kwa sababu ya mkono, uchumi ulikuwa mbaya na Wamarekani walikuwa mateka Iran, lakini chama kilikwenda vitani kikiwa kimekatika vipande viwili na kila mtu aliona. Vita vya panzi furaha ya kunguru.

Sasa nikuambie kwa nini barua yako imenigusa.

Ilikuwa 1997, enzi za madiwani, kabla ya haya mambo ya kaunti. Kaka yangu mkubwa aligombea tiketi ya udiwani na mimi ndo nilikuwa karani wake, nilizunguka nyumba kwa nyumba na daftari la shule, lile lenye jedwali la hesabu nyuma, jalada la buluu, nikiandika jina la mwenye nyumba na jambo analolitaka. Huyu ataka mfereji, huyu mtoto wake amerudishwa kwa karo, huyu mtaro wa mlangoni pake unanuka mwaka wa pili. Siku ya mchujo kura zikahesabiwa darasani kwa taa ya karabai mpaka saa nane za usiku, na tukaanguka kwa kura 11. Kumi na moja! Ningeweza kuzitaja kwa majina, wale waliosema watakuja na hawakuja.

Asubuhi yake, hata saa mbili haijafika, kaka akavaa kanzu akaniambia nipe lile daftari. Nikadhani ataka kutafuta nani katusaliti, nikampa kwa furaha. Akatoka. Nikavaa buibui nikamfuata, vichochoroni mpaka Mkomani, mpaka kwa yule yule bwana aliyetushinda. Bwana amekaa dakani na watu wake wanakunywa kahawa, na walipomuona kaka yangu wote wakanyamaza, kukabaki mlio wa vikombe tu mkononi mwa muuza kahawa. Kaka akavua viatu, akaketi, akapewa kikombe, akakinywa mpaka kikaisha hajasema neno. Halafu akaliweka daftari juu ya mkeka akalisukuma kwa vidole viwili. Akasema, hawa jana walinipa mimi kura, kuanzia leo ni wako, lakini soma walichokitaka.

Yule bwana akalifungua pale pale, ukurasa wa kwanza. Akauliza, huyu wa mfereji ni nyumba ipi?

Mimi nilikasirika mwanangu, miezi mitatu sikusema na kaka yangu. Niliona ametoa jasho langu bure, miguu yangu, jua langu. Mfereji ule ulikuja kutengenezwa mwaka uliofuata na hata hapo sikutaka kukubali. Imenichukua miaka kuelewa kwamba kukubali kushindwa si ile hongera, hongera hata kasuku anaweza kuisema, ni lile daftari. Waliokupigia kura hawakukupigia wewe uwe na cheo, walikuwa na haja zao, na ukishindwa haja zao hazijashindwa, ziko pale pale, sasa wewe ukizichukua ukaenda nazo nyumbani ukafunga mlango umewaadhibu wao.

Na kwa Clinton ilikuwa hivo hivo. Kwenye ule mchujo yeye alitaka sheria imlazimishe kila mtu kuwa na bima ya afya, Obama alipinga, alitaka lazima iwe kwa watoto tu, wakabishana sana juu ya hilo. Machi 2010 Obama alipotia sahihi sheria ya afya, ile lazima ya kila mtu ilikuwemo ndani. Daftari lilisomwa.

Basi mwambie ami yako, kwa adabu, na mkiwa wawili. Usimwambie mbele ya baraza.

Mwalimu, asalam aleikum. Niko Malindi, mtaa wa Barani. Mwaka 2022 mgombea wetu alishinda mchujo kwa hesabu zetu za vituo vyote, mimi nilikuwa wakala na fomu ninazo mpaka leo kwenye mfuko wa nailoni, lakini cheti kikapewa mwengine. Chama kikatuambia tunyamaze kwa ajili ya umoja, ati asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikanyamaza lakini roho inaniuma. Mara hii nifanye nini? Uaminifu kwa chama ni kukubali kila kitu?

Waalaikum salaam dada yangu. Hapana. Ile methali ni ya mtu aliyeshindwa, na wewe hujasema mlishindwa, umesema mlinyang'anywa, hayo ni mambo mawili na mtu anaekutajia methali ile hali ameficha fomu anaitukana methali yenyewe.

Uaminifu wako kwa chama unasimama juu ya hesabu. Wewe umekubali kuingia kwenye mchezo, ukakubali kwamba ukishindwa utamfuata mwenzio, na chama nacho kimekubali kuhesabu kwa haki. Kikivunja ahadi yake hakiwezi kukudai yako. Ila, na hapa nisikize vizuri, haki hiyo ina njia zake na ina siku zake, si ya kulalamika miaka mitano ndani ya roho.

Njia ni hivi. Kwanza kabisa malalamiko yako yapeleke kwenye chombo cha ndani cha chama chenu, kwa maandishi, na fomu zako zikiwemo, uhakikishe umegongewa muhuri wa kupokelewa. Ukiruka hatua hii huko mbele utaulizwa na utarudishwa. Ikishindikana kuna Jopo la Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, limewekwa na sheria ya vyama ya 2011 na linasikiza mizozo ya mchujo, na juu yake kuna Mahakama Kuu. Siku za kufanya haya yote ni chache mno manake tume ya uchaguzi nayo ina tarehe zake za kupokea majina, hivo fomu ziwe tayari usiku ule ule wa kura, zipigwe picha, nakala wapewe watu wawili au watatu, usingoje mpaka cheti kitangazwe.

Na kama mgombea wenu anafikiria kusimama mwenyewe, kifungu cha 85 cha katiba kinasema mgombea huru asiwe amekuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Yaani huwezi kungoja mpaka dakika za mwisho ndo ukasirike. Kitu kingine, kubaki ndani ya chama mchana, halafu usiku ukapigia debe chama chengine, hilo sheria ya vyama inaweza kukuhesabu umejiuzulu, na mimi naliona ni baya hata bila ya sheria. Ukitoka toka, ukibaki baki.

Kuna mifano miwili naipenda ya watu waliohisi wamedhulumiwa na chama. Wa kwanza Edward Lowassa, Tanzania, 2015. Alitaka tiketi ya urais ya CCM, na pale Dodoma jina lake lilikatwa mapema kabisa, hata kwenye tano bora halikuingia, na wajumbe wengine waliimba wana imani naye mbele ya mwenyekiti. Julai ile ile akahamia CHADEMA, akagombea na Magufuli, akapata kura zaidi ya milioni 6, karibu asilimia 40, hakushinda. Machi 2019 akarudi CCM. Simhukumu, alikuwa na haki ya kutoka na alitoka mchana kweupe, lakini fikiria wale milioni 6, wengine walivunja udugu na jamaa zao kwa ajili yake, alivyorudi wao wakarudi wapi?

Wa pili Bernie Sanders, aliyeshindana na Hillary Clinton kwenye mchujo wa Democratic, 2016. Watu wake walisema chama kinamwegemea Clinton, na siku chache kabla ya mkutano mkuu wa Philadelphia barua pepe za ndani zikavuja, zikaonyesha maafisa wa chama wakimsema vibaya, mwenyekiti wa chama akalazimika kujiuzulu. Sanders alikuwa ameshamuunga mkono Clinton tangu Julai 12, na hakuurudisha nyuma, hata pale watu wake mwenyewe walipomzomea. Lakini hakunyamaza pia. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa na wale wajumbe wakubwa wa chama ambao kura ya wananchi haiwafungi, na mwaka 2018 chama kikabadilisha sheria, kikawanyima kura kwenye duru ya kwanza kama kuna ushindani wa kweli. Alipigania kilichomuuma ndani ya nyumba mpaka kikabadilika.

Mimi ningekuwa wewe dada ningeanza leo, si siku ya mchujo. Uliza tawi lenu nani anasimamia kura, daftari la wanachama liko wapi, nani anatia sahihi fomu. Sheria ikipangwa kabla ya ngoma hakuna anaelia. Marekani 2008 Florida na Michigan walipiga kura mapema kinyume na ratiba ya chama, wakanyimwa wajumbe, ikawa ni kelele miezi mitano mpaka kamati ikaketi Mei 31 ikawarudishia kwa nusu kura kila mjumbe. Wengi hawakuridhika, lakini liliamuliwa hadharani kabla ya hesabu ya mwisho, na wiki moja baadae Clinton akakubali. Angekubali vipi kama lile lingali linaning'inia?

Na zile fomu zitoe kwenye mfuko wa nailoni, zinaota ukungu. Zitie kwenye faili.

Mwalimu mimi ni mwanafunzi wa sekondari, Mkomani. Mbona kwenye habari za Marekani wanasema mgombea "amesitisha kampeni", hawasemi amejitoa? Kuna tofauti?

Ipo kidogo mwanangu. Kusitisha ni neno la tahadhari. Mgombea haendelei kuomba kura lakini kampeni yake kisheria ingali hai, aweza kuendelea kuchangisha pesa za kulipa madeni, na aweza kubaki na ushawishi juu ya wajumbe aliowapata. Clinton mwenyewe Juni 7 alisema anasitisha, ijapokuwa kila mtu alijua imekwisha. Nikki Haley naye, aliyekuwa akishindana na Trump kwenye mchujo wa Republican, alisitisha Machi 6, 2024, na siku ile hakumuunga mkono, alikuja kumuunga baadae. Kwa hivo ukisoma "amesitisha" usidhani papo hapo ameshaungana na mshindi, soma aya inayofuata.

Mwalimu, mimi natoka kisiwa cha Pate. Uchaguzi uliopita nilishinda mchujo wa kiti kimoja kwa haki, hakuna aliyebisha. Mpinzani wangu alinipigia simu usiku ule ule akanipongeza, nikashukuru. Lakini watu wake hawakuja kwenye mikutano yangu hata mmoja, siku ya kura wakakaa nyumbani au wakaenda baharini, nikaanguka. Sasa najiandaa tena na twaelekea kugongana tena mimi na yeye. Je si huu ni usaliti? Nimuamini vipi?

Ndugu yangu, pole kwa kuanguka, najua kunavyouma. Lakini usaliti mimi siuoni bado.

Umesema alikupigia simu ukashukuru. Halafu? Barua yako nimeisoma mara tatu natafuta ulichokifanya baada ya ile simu na sikukiona. Hukusema ulikwenda kwake, hukusema ulimpa kazi yoyote kwenye kampeni, wala watu wake wawili watatu kuwatia kwenye kamati. Yeye alifanya lake usiku ule ule, upesi kuliko hata Clinton, wewe ukakata simu ukaendelea na shangwe.

Wafuasi si mbuzi ndugu yangu, kwamba mchungaji akikukabidhi kamba basi wanafuata. Mwaka 2008 hata baada ya Clinton kusema yote aliyoyasema, kuna watu wake waliapa watampigia McCain, walijiita majina, wakaandamana, ilichukua miezi kuwatuliza na wengine hawakutulia kabisa. Obama hakusema si mama yao ameshakubali, sasa wanataka nini. Aliwafuata. Na aliposhinda akampa Clinton wizara ya mambo ya nje, kazi yenyewe, si kiti cha kukaa nyuma ya jukwaa.

Hapa kwetu tumeliona pia. Septemba 1, 2007 pale Kasarani, Raila Odinga alishinda tiketi ya urais ya ODM kwa kura 2,656, Musalia Mudavadi akapata 391 na William Ruto 368. Ukitizama hizo tarakimu utasema hawa wadogo wa nini, waachwe. Lakini Mudavadi akawa mgombea mwenza, Ruto na Najib Balala wetu wa huku pwani wakakaa meza moja ya mbele na Raila, nchi nzima ikawaona pamoja, na kila mmoja akaenda kwa watu wake akasema hapa ni petu. Yaliyokuja baada ya ile Disemba twayajua sote na yaliumiza, na baadae kila mtu akashika njia yake, lakini ule mchujo haukumwaga watu.

Na Tanzania, 1995, Jakaya Kikwete aliongoza duru ya kwanza ya mchujo wa CCM halafu duru ya pili Benjamin Mkapa akampita, 686 kwa 639, kura 47 tu. Kikwete alikubali, na Mkapa akampa mambo ya nje, akakaa hapo miaka kumi, 2005 akawa rais. Nani alimuamini nani pale? Mkapa angemweka pembeni mtu aliyekaribia kumshinda, wengi wangemuelewa. Hakumweka pembeni.

Umeniuliza umuamini vipi. Mimi nasema anza wewe kuaminika. Kabla ya mchujo ujao, sasa hivi mkingali hamjatukanana, mwendee. Usimwite aje kwako, nenda wewe, na nenda mchana watu waone boti yako inatia nanga. Kubalianeni maneno mawili, kwamba atakaeshindwa atamkabidhi mwenzie orodha ya watu wake na haja zao, na atakaeshinda atawatia watu wa mwenzie kwenye kamati, nusu kwa nusu, kwa majina, kabla ya mkutano wa kwanza. Muandike, muweke wazee wawili mashahidi.

Na ukiwa pale kwake muulize, mwaka ule watu wako walikuwa wanataka nini? Kama ni mtu wa kazi atakuwa ameandika mahali. Akikuletea daftari usilitie mfukoni ukaondoka nalo. Lifungue pale pale mbele yake.